Kasenyi–Bunia: Nsinga ndogo inayoungua ili gari isiungue

Gari zinazotoka Kasenyi kuelekea Bunia zinaondoka mapema, mbele jua ya ziwa haijakuwa kali. Juu kuna samaki ya chumvi, bidoni na vitunga. Ndani wasafiri wamebanana. Kutoka ziwa Albert, karibu metre 620 juu ya bahari, mpaka Bunia, zaidi ya metre 1.200, kuna mulima wa kupanda, na njia inapita Bogoro. Kila shofere wa njia hii anasikiliza masini yake. Wachache tu wanafungua kapo ili kuangalia nsinga za batri.

Sisi tulijifunza jambo hilo mulimani. Shofere wetu alisimama kidogo ili masini ipoe. Alipotaka kuwasha tena, hakuna kitu: taa hapana, honi hapana, demareri haikutoa hata «tik». Na batri ilikuwa mupya. Karibu na kichwa chake cha plus tukaona kipande cha nsinga, kifupi kuliko mukono wa mutoto, ngozi yake imevimba. Shofere akakivuta: kikanyooka kama mpira. Shaba ya ndani ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

Akatoa mufukoni nsinga nene ya shaba ili aunganishe moja kwa moja. Muzee mumoja kati ya wasafiri, fundi wa garaji tangu zamani, akamushika mukono.

«Mudogo yangu, ukifunga hiyo, unatukalisha juu ya moto.»

«Muzee, sasa tulale huku?»

«Heri kulala huku.»

Kipande kile tukiite fyuzi ya nsinga. Iko katika gari nyingi za zamani, kati ya batri na nsinga kubwa zinazopeleka umeme kwa kontakti na kwa taa. Gari zilizofuata ziko na fyuzi kubwa za kisanduku pahali pake, lakini kazi ni ile ile. Imefanywa nyembamba makusudi: shaba yake ni karibu mara mbili na nusu chini ya ile ya nsinga inayolinda. Mufano, nsinga ya milimetre 5 za mraba inalindwa na fyuzi ya milimetre 2 za mraba. Umeme ukipita kiasi, ile nyembamba inayeyuka kwanza, na ngozi yake haishiki moto upesi.

Ukiweka nsinga nene, umeme utatafuta pengine pa kuunguza: nyuma ya dashibodi, chini ya viti, karibu na bidoni. Batri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampere. Nsinga nyembamba inakuwa nyekundu kwa sekunde chache, na ndani ya gari iliyojaa watu, sekunde chache hazitoshi kushuka.

Lakini fyuzi haiungui bure. Kwa siku nyingi gari ile ilikuwa inawaka kwa shida. Shofere akaambiwa batri imekufa, akatoa feza nyingi kununua ingine. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nsinga. Mvuke wa asidi ya batri unakula risasi na shaba: kwenye vichwa vya batri unaona unga mweupe, kwenye shaba rangi ya kijani. Maji ya chumvi yanayotona toka kwa samaki yanaongeza uharibifu chini ya gari. Kutu ile inapanda ndani ya ngozi, sawa vile petroli inapanda katika utambi wa taa. Inje nsinga inaonekana muzuri. Ndani nyuzi zinakatika moja moja. Zile chache zinazobaki zinabeba muzigo wote, zinapata moto, mwisho zinayeyuka.

Tulingoja saa tatu. Pikipiki ilikwenda Bunia ikarudisha fyuzi ya kipimo kile kile. Mbele ya kuifunga, muzee alifanya kitu kimoja ambacho tunaomba kila shofere akumbuke. Alizima kila kitu, kisha akaweka balbu ndogo ya volti 12 pahali pa fyuzi. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna nsinga iliyoguswa na chuma cha gari, na fyuzi mupya itaungua vilevile. Yetu haikuwaka.

Kiisha akafanya kazi kwa mupango. Anatoa minus kwanza, juu ufunguo ukigusa plus na chuma cha gari pamoja wakati minus ingali imefungwa, cheche zinaruka. Anaosha vichwa vya batri kwa maji na bikarbonati, ile ya kupikia, na kusugua kwa brosi ya chuma. Anakata nsinga mpaka aone shaba inayongaa. Kama weusi unaendelea ndani, nsinga yote inatolewa. Anabana kwa pinsi, si kuzungusha kwa vidole na kufunika na skochi. Nsinga ya masi, ile inayofungwa kwenye chuma cha gari, anaikwangulia pahali mpaka rangi iishe. Anapaka grisi juu. Plus inarudi kwanza, minus mwisho.

Kwa mwenye mashini ya kupima, hesabu si nyingi. Batri iliyojaa, gari imezimwa: karibu volti 12,6. Masini ikitembea: kati ya 13,8 na 14,4. Wakati demareri inazunguka, kati ya plus ya batri na demareri kusipotee zaidi ya nusu volti. Ikipotea zaidi, tazama nsinga mbele ya kununua batri.

Wasafiri walinungunika, na ilikuwa haki yao. Shofere alipoteza safari ya pili, na safari ya pili ndiyo chakula cha nyumba yake. Hakuna aliyemulipa. Ndiyo maana wengi wanabeba nsinga nene mufukoni: anayengoja saa tatu anapoteza feza leo, na anayefunga vibaya anafika, siku nyingi anafika.

Tulifika Bunia giza imeingia. Muzee alikataa malipo. Nsinga ile nene shofere alikuwa ameisha kuitumia kufunga bidoni.