Je, Wajua? Taya Lapasuliwa, Sauti Yapotea

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupasuliwa taya, kazi ikaenda vizuri, kisha akazinduka usingizini hana sauti? Kisu hakikufika kooni. Kilichopita huko ni mrija wa kupumulia.

Daktari wa taya lazima aone meno ya juu yanavyokutana na ya chini, kwa hiyo mrija hupitishwa puani, ukashuka nyuma ya ulimi na kupenya katikati ya nyuzi za sauti. Njia hii iliendelezwa na madaktari wa usingizi Ivan Magill na Stanley Rowbotham baada ya Vita Kuu ya Kwanza huko Sidcup, Uingereza, ambako Harold Gillies alikuwa akitengeneza nyuso za askari zilizoharibiwa vitani. Koleo la Magill la kuuelekeza mrija huo lingali linatumika.

Sauti kukwaruza siku mbili tatu ni kawaida. Mara chache sana, kigegedu kinachoshikilia uzi wa sauti huteguka, sauti ikabaki pumzi tupu.

La nadra kuliko hilo ni ugonjwa wa Tapia, ulioelezwa mwaka 1904 na daktari Mhispania, Antonio García Tapia, kutokana na mcheza na mafahali aliyejeruhiwa kwa pembe. Neva inayoendesha ulimi na ile inayoendesha nyuzi za sauti hupita jirani shingoni. Mrija ukikandamiza hapo, au kichwa kikikaa kimepinda kwa saa nyingi, zote mbili huumia upande mmoja. Mwambie mgonjwa atoe ulimi: utapinda kuelekea upande ulioumia. Sauti imekauka, maji yanampalia, na ndugu wanadhani ni kiharusi. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa, wakisaidiwa na mazoezi ya kumeza na kutamka.

Puto linaloziba pembeni mwa mrija nalo lina hatari yake. Shinikizo lake linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likizidi, damu haipiti vizuri kwenye ngozi laini ya koo la hewa. Bado wapo wanaolipima kwa kuliminya kwa vidole, na vidole hudanganya. Kipimo chake ni kidogo, kinaenea mkononi, na kila chumba cha upasuaji kinastahili kuwa nacho.

Ugumu wa kuyatambua madhara haya ni kwamba baada ya upasuaji wa taya uso umevimba na meno yamefungwa kwa raba, hivyo ni rahisi kudhani mgonjwa hasemi kwa sababu ya maumivu. Kumbe kigegedu kilichoteguka hurudishwa kwa urahisi kikigunduliwa mapema. Kikiachwa wiki nyingi, hukakamaa pale pale kilipo.