Usukani wa Usiku Usishikwe kwa Ahadi ya Mdomo

Jua likiisha kutua nyuma ya vilima vya mpaka wa Burundi, baridi ya nyanda za juu huanza kushuka juu ya mji wa Kibondo, na wafanya biashara hufunga milango yao. Lakini mzigo haulali. Gunia la maharage, dumu la asali, kifurushi cha dawa, bahasha ya vyeti vya mwanafunzi na boksi la vipuri vya pikipiki, vyote hutakiwa kufika mbali upesi. Ili vifike, hapana budi awepo mtu wa kukesha juu ya usukani. Leo twapenda kusema na wasomaji wetu habari za mtu huyo, na hasa habari za kijana aliyezoea kuendesha gari dogo mchana, ambaye sasa aitwa aingie katika kazi ya lori la usiku.

Kazi hiyo ina heshima yake, tena ina faida. Usiku njia ni nyeupe, jua halichomi, na mara nyingi malipo ya gari kubwa hupita yale ya gari dogo. Kijana mwenye leseni na mafunzo yapasayo, mwenye macho mazima na akili tulivu, hatumkatazi. Neno letu kwake ni moja tu: asiupokee usukani wa usiku kwa ahadi ya mdomo. Aupokee kwa mkataba ulioandikwa, na aupokee akiwa na wenzake katika chama cha wafanyakazi.

Tuna sababu ya kulisema neno hili Kibondo kuliko mahali pengine. Nchi ya Buha yaujua mkataba tangu zamani, na yajua ubaya wake unapoandikwa na upande mmoja. Wakati wa ukoloni, Kibondo na Kasulu zilifanywa ghala ya watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Kiha wakasafirishwa kwa maelfu hadi kwenye reli, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakaenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Hao ndio walioitwa manamba. Usisemwe kwamba hawakuwa na mkataba, walikuwa nao. Lakini masharti yake waliyapanga wengine, nao wakapewa kazi ya kuyatii. Ndiyo maana wafanyakazi walipoanza kujikusanya, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, Bwana Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake, neno lao kubwa lilikuwa kwamba mapatano yafanywe na pande mbili.

Sasa tuitazame barabara yenyewe. Kwa miaka mingi baada ya vita vya Burundi, njia ya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi ilikuwa njia ya hofu. Majambazi wenye bunduki waliwavizia wasafiri misituni, magari yakapita kwa kusindikizwa na askari, na wakati wa masika tope liliweza kulishika lori hata siku nzima. Mambo yamebadilika. Lami imetandazwa katika sehemu kubwa za njia hiyo, ukiwamo mradi wa kilomita 260 wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tena mwezi wa Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni kwamba mabasi yataruhusiwa kusafiri saa 24, na hivyo likaondolewa katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Malori hayakuwa chini ya katazo hilo, nayo yalikesha siku zote. Lakini basi la Tanzania ni gari la vifurushi kama lilivyo gari la watu. Kila aliyepata kumtumia ndugu yake mzigo stendi ajua hivyo. Basi likikesha, na kifurushi kimekesha.

Kwa hiyo nafasi za kazi ya usiku zimeongezeka, na vijana wazikimbilia. Lakini mwili wa mwanadamu haukusomewa tangazo la Bungeni. Tangu saa nane za usiku hadi karibu na alfajiri, damu hupoa, macho huwa mazito, na mtu aweza kusinzia kwa nukta chache pasipo kujua kwamba amesinzia. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 20 kwa kila nukta moja. Nukta tatu za usingizi ni zaidi ya mita 60 zisizo na dereva. Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huanza kukosa umakini kama aliyekunywa pombe. Dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akashinda akipakia mzigo, akaondoka saa tatu usiku, huifikia hali hiyo saa tano tu, naye bado hajafika nusu ya safari. Kutoka Kibondo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu wa namna hii hatendi ushujaa. Ameuchukua msiba garini pamoja na mzigo.

Je, sheria imenyamaza? Haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yasema kwamba usiku ni baada ya saa mbili usiku hadi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kila saa ya usiku, mfanyakazi astahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, nazo hulipwa mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, mapumziko ya kawaida ni saa 12, na kila juma iwepo siku nzima ya kupumzika. Tena kwa mabasi, safari ipitayo saa nane yatakiwa kuwa na madereva wawili.

Tuifanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme dereva alipwa shilingi 3,000 kwa saa. Asilimia 5 ni shilingi 150. Akiendesha saa nane za usiku, nyongeza yake ni shilingi 1,200, na kwa usiku 20 ni shilingi 24,000. Saa ya ziada ni shilingi 4,500, na ikiangukia usiku huongezwa asilimia 5 yake, ikawa shilingi 4,725. Ni fedha ndogo, atasema mtu. Lakini ni ada ya shule, ni gunia la mahindi, na zaidi ya yote ni haki yake. Na dereva asiye na mkataba hawezi kuidai asilimia 5, kwa sababu hakuna aliyeandika ni asilimia 5 ya nini. Alipwaye kwa safari, bila kutajiwa saa, hujikuta akikanyaga mafuta ili aigeuze safari moja kuwa mbili.

Hapa twaomba msomaji avuke nasi bahari kidogo, kwa kuwa wako watu wa huku walio huko. Tangu mwaka 2007 maelfu ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliokuwa wakiishi katika kambi za Kibondo na jirani zake, walipokewa Marekani. Na baada yao wakaenda Wakongo wengi wa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Katika nchi hiyo iko kampuni ya vifurushi ya UPS, iliyoanzishwa Seattle mwaka 1907, ambayo malori yake makubwa husafiri usiku kucha kutoka ghala hadi ghala. Mwaka 2023 wafanyakazi wake wapatao 340,000 walikuwa wanachama wa chama kiitwacho Teamsters. Dereva wa mchana atakaye kuhamia katika malori ya usiku hapangwi kwa upendeleo. Nafasi hutangazwa, watu hujiandikisha, na aliyetangulia kuajiriwa huchagua kwanza. Mgeni hupata zamu waliyoiacha wenzake, na mara nyingi ndiyo ile ya usiku wa manane. Yeye huivumilia kwa sababu aiona orodha ukutani, na ajua kwamba miaka ikipita jina lake litapanda.

Utaratibu huo hawakuupewa zawadi. Mwaka 1997 waligoma siku 15. Mwaka 2023 walijiandaa kugoma tena, na mwajiri akakubali mapatano kabla siku haijafika. Mwezi wa Agosti asilimia 86 ya waliopiga kura wakayapitisha. Hatusemi tuige kila la Marekani. Twasema tu kwamba orodha ya zamu haihitaji utajiri: yahitaji karatasi, kalamu na watu wenye umoja.

Kwetu pia madereva wamepata kusema. Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, abiria wakakwama stendi ya Ubungo. Walilalamika kutakiwa kurudi mafunzoni kwa gharama zao kila wanapotaka kuhuisha leseni, na walidai mikataba ya kazi iliyoandikwa. Miaka imepita, lakini mtu akienda leo kwenye maegesho ya malori akauliza nani ana mkataba mfukoni, asitegemee kuona mikono yote ikiinuka.

Wenye magari nao wana neno lao, nasi twalisikia. Mafuta ni ghali, mkopo wa benki haungoji, na mteja ataka mzigo wake asubuhi. Ni kweli. Lakini twawauliza: lori lililopinduka kwa usingizi wa dereva hulipa mkopo gani? Dereva wa pili ana gharama, bali jeneza lina gharama zaidi.

Basi, kijana wa Kibondo aitwaye katika kazi ya usiku aulize mambo matatu kabla ya kupokea ufunguo. La kwanza, mkataba uko wapi, na wasema nini juu ya saa, nyongeza na mapumziko? La pili, zamu zapangwa kwa utaratibu gani, na nani mwenzangu katika safari ndefu? La tatu, chama chetu ni kipi? Sheria yaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama, na chama chenye wengi mahali pa kazi kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa msemaji wao. Kukitokea mgogoro, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Na dereva mmoja, usiku wa manane, akiamriwa kwa simu aendelee na safari ingawa macho yamemfumba, ni kidole kimoja.

Nyumbani kwake, Kibondo au Kasulu, yuko mtu aliyelala nusu usingizi akisikiliza muungurumo barabarani. Mtu huyo hangoji kifurushi. Amngoja dereva.