Vidole kama virungu, uso wenye mikunjo: ni ugonjwa gani?

Kijana wa Kalerwe, jijini Kampala, ambaye ncha za vidole vyake zimevimba mithili ya virungu na ngozi ya paji lake imekuwa nene yenye mikunjo, huenda akadhaniwa ana ukoma. Katika mtaa wa soko, dhana hiyo yatosha kumkosesha riziki.

Jaribio la kwanza halihitaji mashine. Mgonjwa hugusanisha kucha za vidole viwili vya jina moja, mgongo kwa mgongo. Uwazi mdogo unaopaswa kuonekana kati yake ukitoweka, uvimbe ni wa kweli. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alilieleza mwaka 1976 baada ya kuugua na kuvitazama vidole vyake mwenyewe.

Ngozi huchunguzwa bakteria wa ukoma. Kisha mapafu na moyo, kwani saratani ya mapafu na kasoro za moyo ni miongoni mwa visababishi vya uvimbe huo. Visipopatikana, na eksirei ikaonyesha tabaka jipya juu ya mifupa mirefu, hushukiwa pakidemoperiostosisi: ugonjwa adimu wa kurithi ambao mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, huwapata zaidi wanaume, na hauambukizi.