Kofia Isubiri Namirembe

Mama mdogo wa bibi harusi wetu alinipigia simu kutoka Mombasa wiki tatu kabla ya shughuli. Yeye ni ndugu wa wifi yangu, nami ndiye shangazi wa binti, basi ushauri wa mavazi ulikuwa juu yangu. "Dada, ninunue kofia pana au ile ndogo ya manyoya?" Alikuwa ameona picha za harusi za Kampala, wanawake wamejipamba vichwa, naye hakutaka kumtia dada yake aibu. Kisha akacheka: "Nyinyi Waganda kwani si watoto wa Malkia wa Uingereza!" Hakukusudia ubaya. Lakini neno lile lilinichoma, maana nimelisikia kwa wageni wengi mno.

Nikamwuliza: kofia ya siku gani? Kwetu kuna kwanjula, siku mchumba anapokuja na watu wake kutambulishwa nyumbani kwa kina binti, na kuna siku ya kanisa. Kasiki, ule mkesha wa kuamkia harusi, siku hizi ni muziki na vinywaji tu, nauacha.

Kanisani simkatazi mtu. Ndoa ilikuwa Namirembe, kanisa kuu alikofungia ndoa mfalme wetu, Kabaka Mutesa wa Pili, mwaka 1948, na mwanawe Ronald Mutebi tarehe 27 Agosti 1999. Pale watu huketi kwenye mabenchi wakitazama mbele, na kofia ina pahali pake. Nilimshauri achukue ile ndogo, fasineta, kwa kuwa pana humziba aliye nyuma asimwone bibi harusi akipita. Kama atavaa wigi, asiiamini ya kichana, itateleza. Misuko hushika pini vizuri. Mwenye nywele fupi atafute ya utepe wa kuzunguka kichwa. Na wanaodhani tunafuata Waingereza kila hatua wajue kwamba kwenye mbio za farasi za Ascot, mwaka 2012, fasineta ilikataliwa katika jukwaa la kifalme, ikatakiwa kofia yenye kitako cha inchi 4. Sisi hatukuitupa yetu.

Kwanjula ni habari nyingine, na hapo sitaki masikilizano.

Siku hiyo mwanamke huvaa gomesi. Shingo yake ni ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yamesimama kwa ncha, na kitambaa huweza kufika mita 6. Chini yake kuna kikooyi, ambacho wasomaji wa pwani watakitambua kwa jina, kinachozuia nguo isigande mwilini na kuyapa makalio umbo. Mshipi mpana hufungwa chini ya kiuno, fundo likakaa mbele. Nguo hii imejaa tayari mabegani. Ukiiwekea manyoya juu, jicho halijui litue wapi.

Tena kuna kazi ya kichwa chenyewe. Wageni wanapoingia kwa safu, wanaume na kanzu zao zenye darizi nyekundu iliyoiva kifuani, wanawake huleta vikapu vya zawadi, na wengi hujitwika. Mabinti hutoka nyumbani kundi baada ya kundi, wakapiga magoti mkekani na kuwaamkia wageni mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Shangazi, ambaye sisi tunamwita ssenga, huwapitia wageni akimtafuta bwana harusi, kisha humwonyesha mbele ya wote. Kaka wa bibi harusi hupokea jogoo wake. Yote haya ni kuinama, kupokea, kutwika, kukaa chini. Nimemwona mgeni mmoja akipiga magoti kofia ikamtoka, ikabiringika mpaka miguuni mwa wazee, naye akakosa la kufanya kwa mikono iliyoshika zawadi. Nilimhurumia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Dada zetu Waislamu hujifunika hijabu, na hilo ni jambo la dini, halihitaji maelezo yangu.

Najua jibu nitakalopewa: hata gomesi si yenu. Ni kweli inabeba jina la Gomes, fundi Mgoa aliyeishona kwa ajili ya wasichana wa Gayaza, shule iliyofunguliwa 1905. Ilienea baada ya malkia wetu, Nnabagereka Irene Drusilla Namaganda, kuivaa mwaka 1914 kwenye kutawazwa kwa Kabaka Daudi Chwa. Kanzu nayo ilitufikia kutoka pwani na wafanyabiashara, jina lake likaja nayo. Lakini kabla ya Gomes bibi zetu walijifunga magome ya mti wa mutuba, na wakajifunga mshipi vilevile, wakapiga magoti vilevile. Gomesi ilikuja ikayakuta magoti yale, ikashonwa kwa kuyafuata. Kofia haijafanya hivyo bado.

Kinachoniumiza zaidi hakitoki Mombasa. Wajukuu zangu wa hapa hapa mjini huniuliza kikooyi ni cha nini. Wananunua gomesi iliyokwisha kushonewa mshipi wake, ya kuvuta zipu, na baada ya saa moja wanakwenda kubadili gauni, wanarudi na fasineta, mkeka haujakunjwa bado! Mama yangu alichukua nusu saa kunifunga gomesi, na katika nusu saa hiyo nilifundishwa mengi ya ndoa ambayo sikuyapata kwingine. Zipu hufungwa kwa sekunde mbili. Ssenga atasema nini katika sekunde mbili?

Mama mdogo alifika na kofia yake ndani ya sanduku la duara, ya rangi ya samli. Siku ya kwanjula sanduku lilibaki chini ya kitanda changu. Nilimfunga gomesi mwenyewe, fundo nikalirudia mara tatu kwa sababu alikuwa akicheka na kulilegeza, na njiani nikamsimulia habari za Gayaza. Zamu yake ilipofika alishuka mkekani taratibu, mkono mmoja ukishika mshipi, akawaamkia wazee wa upande wa pili kwa Kiganda nilichomfundisha asubuhi ile. Mzee mmoja akamwuliza ni wa ukoo gani.