Gia za Baiskeli: Namna ya Kuifanya Baiskeli ya Mashindano Ifae Kazi ya Kila Siku

Baiskeli nyingi zilizokwisha kutumika Ulaya huletwa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na kuuzwa madukani na minadani. Miongoni mwao huonekana baiskeli za namna moja ambazo huwavutia sana walimu na vijana. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, fremu yake ni nyepesi, na matairi yake, ingawa ni membamba, yana vifundo vya kushika matope. Bei yake aghalabu si kubwa. Mnunuzi huijaribu katika barabara tambarare akafurahi. Lakini siku ya pili, akienda nayo shuleni mlimani na mzigo wa madaftari nyuma yake, hulazimika kushuka na kuisukuma. Hapo hudhani ama miguu yake ni dhaifu, ama ameuziwa kitu kibovu. Yote mawili si kweli. Baiskeli ni nzima na miguu ni mizima. Kilichopungua ni gia zinazolingana na kazi yake. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu sababu ya jambo hili, na namna ya kulitengeneza kwa gharama ndogo.

Kwanza yafaa kujua baiskeli hii iliundwa kwa kazi gani. Huitwa baiskeli ya siklokrosi, na mchezo huo ulianzia Ufaransa. Mwaka 1902 Mfaransa mmoja, Daniel Gousseau, alitengeneza mashindano ya kwanza ya ubingwa wa nchi hiyo. Na mwaka 1950 yalifanyika mjini Paris mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Washindani huzunguka katika majani, mchanga, matope na vijilima kwa muda upatao saa moja. Basi jambo la kuangalia ni hili: mshindani akifika penye mwinuko mkali au kizuizi, hushuka, huitia baiskeli begani, hupanda mbio kwa miguu yake, kisha huirukia tena. Kwa hiyo waundaji hawakuona haja kubwa ya kumpa gia nyepesi, maana pale ambapo gia hiyo ingehitajiwa, yeye hayupo juu ya baiskeli. Illakini mwalimu mwenye madaftari, au mganga mwenye sanduku la dawa, au baba aliyempakia mtoto mgonjwa, hawezi kuitia baiskeli begani na kukimbia.

Sasa tueleze gia ni nini. Mbele, penye pedali, pana gurudumu la meno. Nyuma, katika kitovu cha gurudumu la nyuma, pana vigurudumu vidogo vya meno. Na mnyororo huviunganisha. Ukitaka kujua uzito wa gia, hesabu meno ya mbele uyagawanye kwa meno ya nyuma. Mathalani, mbele kuna meno 36 na nyuma 28. Ukigawanya utapata 1.29, yaani pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara moja na zaidi ya robo. Gurudumu la baiskeli hizi lenye tairi la milimeta 35 huenda karibu mita 2.17 kwa mzunguko mmoja. Basi kwa kila mzunguko wa pedali baiskeli huenda karibu mita 2.79.

Baiskeli nyingi za siklokrosi za bei ya chini zina magurudumu mawili ya mbele, moja la meno 46 na moja la meno 36, na nyuma zina vigurudumu vya meno 11 au 12 hata 25 au 28. Gia nzito kuliko zote, yaani 46 kwa 11, humpeleka mtu zaidi ya mita 9 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Hiyo ni gia ya kijana anayeshindana mteremkoni. Katika kazi ya kila siku ni nadra kuihitaji. Gia nyepesi kuliko zote, yaani zile mita 2.79, ndiyo inayotushinda mlimani. Kwa gia hiyo mtu anayezungusha pedali mara 60 kwa dakika hana budi kwenda mwendo wa kilometa 10 kwa saa. Katika mwinuko mkali, mwenye mzigo hawezi mwendo huo. Basi miguu hupunguza mizunguko, kila msukumo huwa mzito, magoti huuma, na mwisho mtu hushuka.

Wako wanaodhani kwamba gia nyepesi hupunguza kazi ya kupanda mlima. Sivyo. Mlima ni ule ule na mzigo ni ule ule. Mfano wake ni gunia la mahindi linalotakiwa kuhamishwa ghalani. Mwenye nguvu nyingi hulibeba lote kwa safari moja. Mwingine huligawa kwa madebe, akaenda safari nyingi. Mahindi yaliyohamishwa ni sawasawa, lakini wa pili hakuumia mgongo. Gia nyepesi ni debe: huugawa mlima katika misukumo mingi iliyo midogo.

Tutazame njia ya kutoka Mombo kwenda Lushoto katika milima ya Usambara. Ni kilometa zipatazo 33, na barabara hupanda karibu mita 1,000. Mtu akiipanda yote kwa gia ya 36 kwa 28, atazungusha pedali karibu mara 11,800. Akiwa na kigurudumu cha nyuma cha meno 34, kila mzunguko utampeleka mita 2.30 tu, naye atazungusha zaidi ya mara 14,300. Mizunguko imezidi, lakini kila mmoja umepungua uzito karibu sehemu 18 katika 100. Haba na haba hujaza kibaba; na mwenye kuzungusha mara 60 kwa dakika aweza sasa kwenda kilometa 8 na kidogo kwa saa, asishuke.

Basi ni kitu gani kibadilishwe? Watu wengi hukimbilia gurudumu la mbele, kwa kuwa ndilo linaloonekana. Lakini hesabu yatuonyesha vingine. Ukiliondoa gurudumu la mbele la meno 36 ukatia la 34, gia hupungua uzito karibu sehemu 6 tu katika 100. Ukiliondoa fungu la vigurudumu vya nyuma linaloishia meno 28 ukatia linaloishia 34, hupungua sehemu 18, mara tatu ya faida ile. Kwa hiyo shauri letu ni hili: anza nyuma. Kama bado haitoshi, ndipo utie na 34 mbele. Hapo meno ya mbele na ya nyuma yatakuwa sawa, na pedali zikizunguka mara moja gurudumu nalo litazunguka mara moja.

Wakaao pwani na katika nchi tambarare waweza kufuata njia nyingine, yaani kubakiza gurudumu moja tu mbele, mathalani la meno 38, na kuondoa chombo cha kuhamisha mnyororo cha mbele. Pamoja na vigurudumu vya 11 hata 34 nyuma, mtu atapata gia ya mita 2.43 kwa kupanda na ya mita 7.5 kwa barabara nzuri. Vitu vya kuharibika hupungua, na baiskeli huwa rahisi kusafisha. Lakini gurudumu hilo la mbele na liwe la namna iliyoundwa kwa kazi hiyo, yenye meno marefu, mengine membamba na mengine manene kwa zamu. La sivyo mnyororo utaruka penye mashimo.

Kabla ya kutoa fedha, yafaa kutazama mambo manne.

La kwanza ni idadi ya vigurudumu vya nyuma. Kama ni 8, nunua fungu la 8. Kama ni 9, nunua la 9. Wenzo wa gia huvuta waya kwa vipimo vilivyowekwa, wala hautakubali idadi nyingine.

La pili ni namna vigurudumu hivyo vilivyofungwa. Vingine huteleza juu ya kitovu na kukazwa kwa pete. Vingine vimeunganishwa na friwili yake na kukazwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Namna hizi mbili haziingiliani, na kila moja ina kifunguo chake.

La tatu ni mkono wa nyuma wa kuhamisha mnyororo. Ulio mfupi kwa kawaida haupiti meno 28 au karibu yake. Ulio mrefu huweza 32 au 34. Tena huo mkono ndio unaokusanya mnyororo uliolegea, na uwezo wake una kipimo. Chukua tofauti ya magurudumu ya mbele, mathalani 46 kutoa 36, yaani 10; ongeza tofauti ya vigurudumu vya nyuma, 34 kutoa 11, yaani 23. Jumla ni 33. Mwulize muuzaji kama mkono ule waweza kukusanya meno 33. Kama hauwezi, nunua mrefu pamoja na vigurudumu vyako.

La nne ni mnyororo. Twaandika haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea. Tulipofunga vigurudumu vya meno 34 mara ya kwanza, tuliuacha mnyororo wa zamani bila kuupima. Njiani tulihamisha gia bila kufikiri, mnyororo ukaingia katika gurudumu kubwa la mbele na kigurudumu kikubwa cha nyuma pamoja. Ulikazika kama kamba ya upinde, ukauvuta ule mkono hata sikio la chuma linaloushika katika fremu likavunjika. Safari ile tuliimaliza kwa miguu, na fedha tuliyotaka kuiweka ikaenda kwa fundi.

Kipimo chenyewe si kigumu. Uzungushe mnyororo juu ya gurudumu kubwa la mbele na kigurudumu kikubwa cha nyuma, bila kuupitisha katika mkono wa kuhamisha. Zinapokutana ncha zake, ongeza inchi 1, yaani vipande viwili, chembamba kimoja na kipana kimoja. Huo ndio urefu wake. Tena upime uchakavu wake kwa rula ya shule. Vipande 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili, kutoka pini hata pini. Ukikuta vimefika inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, mnyororo umechakaa. Usiufunge juu ya vigurudumu vipya, maana utavila meno yake.

Kazi ya kufunga yaweza kufanywa na fundi wa kijijini mwenye vifunguo vinavyofaa. Baada ya kufunga, pana skrubu mbili ndogo katika ule mkono ambazo huuzuia usipite mpaka. Hiyo ya upande wa kigurudumu kikubwa ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani ikilegea, mnyororo waweza kuingia katika spoki na kulisimamisha gurudumu kwa ghafula. Inua gurudumu, zungusha pedali kwa mkono, pitisha gia zote moja moja, ndipo upande. Wala usizoee kutumia gurudumu kubwa la mbele pamoja na kigurudumu kikubwa cha nyuma, maana mnyororo huenda upande na kuchakaa upesi.

Twajua wako watakaocheka, wakisema kwamba gia nyepesi ni za wazee na wagonjwa. Maneno hayo si mapya. Huko Ufaransa Paul de Vivie wa Saint-Étienne aliwahimiza watu watumie baiskeli za gia nyingi, na waliopenda mashindano wakamdharau. Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1903, alizipinga gia za kuhamisha mnyororo kwa miaka mingi. Hazikuruhusiwa kwa washindani wote mpaka mwaka 1937. Leo hapana mshindani katika mashindano hayo anayethubutu kupanda milima bila gia hizo. Ikiwa mabingwa hawaoni haya, mwalimu mwenye mzigo wa madaftari aone haya kwa nini?

Walimu waweza pia kuifanya habari hii kuwa somo. Wape wanafunzi baiskeli moja, wahesabu meno, wapime mzunguko wa gurudumu kwa kamba, kisha watoe hesabu ya kila gia. Watajifunza kugawanya kwa kitu wanachokijua.

Neno la mwisho ni juu ya breki. Gia nyepesi itakuwezesha kupandisha mzigo ambao zamani usingethubutu kuupandisha, na siku utakapourudisha, mzigo huo utashuka nawe. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa hiyo siku ile ile unapofunga vigurudumu vipya, tazama waya za breki kama hazijakatika nyuzi, tazama mipira yake kama haijaisha, na ujaribu breki zote mbili ukiwa na mzigo mahali tambarare. Ndipo uende mlimani.