Pampu ya boti ikifa, kubadili impela pekee hakutoshi

KATA ya Nyasubi katika Manispaa ya Kahama iko mbali na Ziwa Victoria, lakini maisha ya wakazi wake yamefungamana na ziwa hilo. Maji ya bomba yanatoka huko kupitia mradi wa Ihelele wilayani Misungwi, uliozinduliwa mwaka 2009. Dagaa na sangara wanaoliwa mjini nao hutoka huko huko.

Kwa hiyo si ajabu mfanyabiashara aliyeanza na magunia machache ya dagaa kufikiria kuwa na mtumbwi wake katika mialo ya Mkoa wa Geita kama Nkome au Kasenda, ili asitegemee bei ya mtu wa kati. Tatizo ni kwamba anapofanya hivyo, sehemu kubwa ya mtaji wake inakuwa ndani ya kitu kimoja tu, nacho ni injini, tena injini inayoendeshwa na watu wengine huku yeye akiwa Kahama.

Chukulia mfano wa mwenye mtumbwi mmoja na injini ya nguvu za farasi 15. Anapigiwa simu kwamba injini imechemsha. Fundi anafungua mguu wa injini, anakuta impela ya pampu ya maji imekatika, anaweka mpya na injini inawaka. Siku ya tatu inachemsha tena, na safari hii inanoki kabisa. Mwenye mali anamlaumu fundi, fundi anailaumu impela kuwa ni ya bandia.

Mara nyingi kosa liko kwingine. Hakuna aliyeifuata njia ya maji tangu yanapoingia hadi yanapotoka.

Hasara yake si ya vipuri peke yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mtumbwi ukikaa nchi kavu giza zima, mapato ya mwezi huo yamekwenda, wakati marejesho ya mkopo hayangoji.

Maji yanavyopita

Injini ya boti ya kufunga nyuma haina rejeta kama gari. Inapozwa na maji ya ziwa lenyewe. Maji huingia kwenye vitundu vilivyoko chini ya mguu, juu kidogo ya propela. Ndani ya mguu kuna pampu yenye impela, yaani gurudumu dogo la mpira lenye mapanga, linalozungushwa na shafti inayoshuka kutoka juu kwenda kwenye gia.

Pampu husukuma maji kupitia bomba jembamba hadi kwenye silinda. Kutoka hapo hupita kwenye thamostati, ambayo ni mlango unaofunguka injini inapopata joto linalotakiwa. Kwa injini nyingi za boti joto hilo ni kiasi cha nyuzi 50 hadi 60 za Sentigredi. Baada ya hapo maji hurudi ziwani pamoja na moshi.

Sehemu ndogo ya maji hutolewa pembeni kupitia kitundu cha nyuma. Huo ndio mkondo unaowafanya watu waseme injini inakojoa. Injini nyingi ndogo za kazi hazina kengele ya kutahadharisha joto, hivyo mkondo huo ndio kengele pekee aliyonayo nahodha.

Mkondo ukipungua au ukikatika

Mkondo ukikatika ghafla, jambo la kwanza ni kuangalia vitundu vya kuingizia maji. Nailoni, vipande vya nyavu na magugu maji, ambayo yamelisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huvifunga kirahisi.

Jambo la pili ni kitundu chenyewe cha nyuma, ambacho huzibwa na matope au hata wadudu injini inapokaa bila kazi. Kipande cha uzi mnene wa ndoano hutosha kukizibua. Mkondo ukirudi na nguvu yake, pampu haina kosa.

Vyote viwili vikiwa safi na mkondo bado ni hafifu, pampu inahusika. Adui wake mkubwa ni mchanga. Mtumbwi unaposukumwa ufukweni huku injini ikiunguruma kwenye maji mafupi, impela hunyonya mchanga unaokwangua mapanga na kikombe cha pampu. Adui wa pili ni kuwashwa nchi kavu. Mpira wa impela hulainishwa na maji, na bila maji unaweza kuungua katika muda usiozidi dakika moja.

Hesabu mapanga

Hapa ndipo kazi ya fundi mzuri inapojulikana. Impela iliyokatika ikitolewa, haitupwi. Huwekwa mezani, na vipande vilivyopatikana hupangwa mahali pake. Panga lisiloonekana halikuyeyuka. Limesukumwa juu na maji, nalo limekaa ndani ya bomba, kwenye njia za silinda au mdomoni mwa thamostati.

Kipande kimoja tu cha mpira kinatosha kuzuia maji yasifike kwenye silinda moja. Ndiyo maana injini hupewa impela mpya na bado ikachemsha.

Dawa yake ni kutoa thamostati na bomba, kisha kupitisha maji ya mpira kinyumenyume, kutoka juu kwenda chini, hadi vipande vyote vipatikane. Aidha, kii inayoishika impela kwenye shafti ikaguliwe, maana ikikatika shafti huzunguka peke yake. Kikombe chenye mikwaruzo mirefu kibadilishwe, na bomba liingie sawasawa kwenye mpira wake, vinginevyo maji humwagikia ndani ya mguu.

Maji yanatoka, bado inachemsha

Wengi hudanganyika hapa. Katika injini nyingi mkondo wa nyuma huchukuliwa kabla maji hayajafika kwenye thamostati. Unaonyesha kwamba pampu inasukuma, lakini hauthibitishi kwamba maji yanazunguka injini nzima.

Thamostati hupimwa kwa sufuria. Hutumbukizwa kwenye maji ikiwa imening'inizwa kwa uzi, na maji hupashwa moto taratibu. Inapaswa kufunguka mapema kabla maji hayajachemka. Maji yakichemka nayo bado imefunga, imekufa. Baadhi ya watu huiondoa kabisa, lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hula mafuta zaidi na kujaza masizi.

Injini za mzunguko wa nusu, yaani zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, huweza pia kuchemsha kwa sababu ya mchanganyiko. Nyingi hutumia lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Anayepunguza oili ili kubana matumizi hujikuta akinunua pistoni.

Injini imeumia kiasi gani?

Kabla ya kuirudisha majini, plagi zote zitolewe na kulinganishwa. Plagi yenye vidoadoa vinavyong'aa kama fedha inaashiria pistoni imeanza kuyeyuka. Plagi moja ikiwa safi kupita nyingine, kama iliyooshwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia. Kwa injini yenye oili yake pembeni, oili kugeuka rangi ya maziwa ni dalili hiyo hiyo.

Baadaye kompresheni ya kila silinda ipimwe kwa geji. Silinda moja ikipungukiwa na zaidi ya asilimia 15 ya nyingine, ni heri kufungua injini kuliko kubahatisha.

Jaribio la mwisho hufanyika kwenye pipa la maji linalofunika vitundu vya kuingizia, propela ikiwa imetolewa. Injini iungurume kwa dakika kumi, kisha tone la maji lidondoshewe silinda hedi. Likichemka na kurukaruka, joto limezidi na kazi haijaisha.

Ikitokea katikati ya ziwa

Wengi huua injini kwa kusema "tufike tu". Mkondo ukikatika au ukitoka mvuke, injini izimwe mara moja, nanga itupwe na mguu uinuliwe kukagua vitundu. Silinda isimwagiwe maji baridi, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Ikishapoa na mkondo ukarudi, mtumbwi urejee mwaloni polepole. Usiporudi, ni makasia au msaada wa mtumbwi mwingine. Kwa sababu hiyo makasia, simu yenye chaji na makoti ya kuokolea maisha vya kila aliyemo si vitu vya kuacha nyumbani.

Kwa mwenye mali aliyeko Nyasubi, ulinzi ulio rahisi ni daftari. Tarehe ya kubadili impela iandikwe, impela ya akiba iwe mtumboni, na fundi atakiwe kuonyesha ile ya zamani ikiwa na mapanga yake yote. Watengenezaji wengi hushauri ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, lakini kwenye mialo yenye mchanga inafaa kufunguliwa mapema zaidi.

Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni siku za mwezi mpevu, mtumbwi unapokuwa umepumzika. Impela ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, na bei yake haikaribii hata kidogo gharama ya pistoni, ringi na giza moja lililopotea.