Siri Isiyofaa Kutunzwa

Wazazi wenzetu hapa Uingereza, watoto wetu tumewalea kwa adabu: mkubwa akisema, mdogo hutii. Malezi hayo ni mema, lakini mwovu wa intaneti huyatumia. Huingia katika mchezo wa kompyuta akijifanya mtoto, humsifu mwenziwe, humpa zawadi za mchezoni, kisha humvuta kwenye mazungumzo ya faragha na kumwambia, “Usimwambie mama.”

Hapo ndipo pa kumfundisha mtoto, angali shule ya msingi: anayekutaka umfiche mzazi, kumkatalia si utovu wa adabu. Asimtumie picha. Ujumbe usifutwe, kwani ndio ushahidi.

Nasi tuna kosa letu. Tukitisha kumnyang’anya simu, twamfunga mdomo, na mwovu analijua hilo. Tumsikilize kwanza, hasira zingoje.

Tangu Aprili 2017, katika England na Wales, mtu mzima anayewasiliana kingono na mtoto wa chini ya miaka 16 ana hatia, hata kama hawajakutana. Polisi waarifiwe. Mtoto anayeona haya kutuambia sisi apige Childline, 0800 1111. Ni bure, na haionekani kwenye bili ya simu.